Waliokuwa Upande wa Bolo

Katika vibanda vya video vya miaka ya 1990, kila mkanda ulikuwa na watu wawili tu waliostahili kutajwa: steringi na adui. Wengine wote walikuwa wapita njia. Steringi alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo aliijua hata mtoto aliyeingia kibandani kwa mara ya kwanza: steringi hafi. Atapigwa, atarushwa kutoka ghorofani, atafungwa kamba na kuachwa majini, lakini hafi. Adui naye alikuwa na yake. Awe hodari kiasi gani, awe na jeshi zima nyuma yake, mkanda ukikaribia kwisha ataanguka.

Ngamiani, katika mji wa Tanga alikokulia mwandishi wa makala haya, benchi la nyuma la kibanda kimoja lilikuwa la wale walioikataa sheria hiyo. Mkanda uliowagawa watu kuliko yote ulikuwa Bloodsport wa mwaka 1988. Steringi ni Jean-Claude Van Damme, akiigiza kama Frank Dux, askari wa Kimarekani anayetoroka kazini kwenda Hong Kong kushindana katika mapigano ya siri. Adui ni Chong Li, bingwa mtetezi. Hakuna mtoto aliyemwita Chong Li. Kwao alikuwa Bolo, jina alilolitumia mwigizaji huyo huyo, Bolo Yeung, katika Enter the Dragon ya Bruce Lee ya mwaka 1973, nalo likamganda hata pale hadithi ilipompa jina jingine.

Bolo alikuwa katili, hilo halikubishiwa. Anamuua mpinzani ulingoni mbele ya macho ya watu, na pambano la mwisho likimwia gumu anamtupia mwenzake unga machoni ili ampige akiwa haoni. Hata hivyo benchi la nyuma lilimshangilia kila mara, mkanda ule ule, mwisho ule ule. Walikuwa na hoja. Van Damme alipanda ulingoni ushindi wake ukiwa mfukoni. Bolo alikuwa akipigania kitu ambacho kibanda kizima kilijua hatakipata, na alipigana kana kwamba hajui. Ndani ya hadithi alikuwa bingwa. Nje ya hadithi, mbele ya mwandishi na mwongozaji waliokwisha kuamua, alikuwa mnyonge kuliko wote. Na Tanga ni mji ambao timu yake, Coastal Union, ilichukua ubingwa wa ligi mwaka huo huo wa 1988 mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Watoto wake walijua raha ya kuona mambo yaliyokwisha kupangwa yakipanguka.

Mtafsiri naye alichangia. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya ikaja kuwa na DJ Afro, na mitaa mingi ilikuwa na wa kwake asiyejulikana kwingine: mtu anayekaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza, Kichina au Kihindi kuwa Kiswahili cha mtaani papo hapo. Yule wa Ngamiani hakuishia kwenye maneno yaliyosemwa. Alimpa adui madeni, mke aliyemkimbia, kaka aliyedhulumiwa urithi. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichokuwamo kwenye filamu. Adui aliyeingia akiwa sura ya kutisha isiyo na kwao alitoka akiwa mtu mwenye sababu, na watazamaji walianza kumsikiliza.

Wazazi walilalamika kwamba mikanda inawafundisha watoto kushangilia waovu. Pengine walisahau kilichokuwa kikisimuliwa nyumbani kwao usiku. Kipo kisa cha Sungura na Simba, ambacho George Bateman alikiweka katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa Chicago mwaka 1901, na ambacho bibi za Tanga walikisimulia bila kuhitaji kitabu. Kuna mti wenye asali, na mti ni wa Simba. Sungura anaujua ukweli huo vizuri. Anamchukua Buku, yule panya mkubwa, wanapanda, wanawafukuza nyuki kwa moshi, wanakula. Simba anatokea chini na kuuliza kuna nani huko juu. Sungura anamwelekeza Buku amfunge ndani ya majani makavu na kumtupa chini, kisha anapenya na kutoweka. Buku anashuka, anaulizwa alikuwa na nani, anasema ukweli. Simba anamla.

Watoto hucheka kwelikweli hapo. Mwizi ameponyoka, mwenye mali ametahayari, na msimulizi anaingia safari ya pili ambapo Sungura anamchukua Kobe. Kumpenda Sungura ni haki kabisa: Simba anashika mti mzima kwa kucha zake, na mdogo hana silaha ila akili. Kizazi baada ya kizazi cha watu waliolipa kodi kwa mtu mwenye nguvu kimeitia roho yake ndani ya Sungura. Ila Buku naye ni mdogo, na alifika pale kwa mwaliko. Katika usimulizi wote mwandishi aliousikia utotoni, hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yake.

Walinzi wa maadili wamekuwa wakiiogopa huruma hii kwa mwovu kwa muda mrefu, na woga wao umeacha alama kwenye filamu zenyewe. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 studio za Marekani zilifuata kanuni zilizokataza watazamaji wafanywe kuuonea huruma uhalifu; aliyetenda jinai alipaswa kuadhibiwa kabla mkanda haujaisha. William March aliandika riwaya ya The Bad Seed mwaka 1954, kuhusu msichana mdogo, Rhoda, anayeua bila kutikisika. Katika riwaya, Rhoda anabaki hai. Ilipofanywa filamu mwaka 1956, kanuni hazikuruhusu, basi wakaleta radi kutoka mbinguni ikampiga. Kama watazamaji wangekuwa daima upande wa wema kwa hiari yao, kusingekuwa na haja ya kuomba msaada wa radi.

India ilikuwa na kisa chake, na hiki Pwani inakijua zaidi. Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki chache baada ya serikali ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari. Adui ni Gabbar Singh, jambazi wa milimani aliyeigizwa na Amjad Khan, aliyemkata mikono yote miwili ofisa wa zamani wa polisi anayeitwa Thakur. Mwisho uliopigwa picha kwanza ulimwonyesha Thakur akimuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wakakataa: aliyekuwa askari hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria mkononi. Ukapigwa mwisho mpya, polisi wanafika na kumkamata. Mwisho wa awali ulikuja kuonekana miaka mingi baadaye.

Wakaguzi walimlinda adui asiuawe kinyume cha sheria, lakini hawakuweza kuwazuia watu kumpenda. Mazungumzo ya filamu hiyo yaliuzwa kwenye santuri kama nyimbo, na Amjad Khan, akiwa katika vazi la Gabbar, akatangaza biskuti. Jambazi ambaye ndani ya hadithi ni tishio la kunyamazishia watoto aliaminiwa kuwauzia watoto chakula. Tanga, hata watu wasiojua Kihindi zaidi ya maneno ya nyimbo waliweza kuigiza mwendo wake, mkanda wa kiunoni mkononi, juu ya mawe. Mwandishi hamkumbuki mtu hata mmoja aliyejaribu kumwigiza Thakur.

Ilibidi ifike sekondari, na kitabu chenye jalada lililochakaa, ndipo swali la adui liliposhikwa kwa mikono miwili. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, ilitoka mwaka 1969, yeye akiwa Rais na Azimio la Arusha likiwa na miaka miwili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilikuwa imetoka mwaka 1963. Hadithi inajulikana. Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, anakopa dukati 3,000 kwa miezi 3 kutoka kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba, na dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Merikebu zake zinaripotiwa kupotea baharini, deni haliwezi kulipwa, na Shylock anakuja mahakamani na kisu.

Mwalimu wa fasihi aliligawa darasa sehemu mbili na kumfungulia Shylock kesi upya. Upande wa mashtaka ulidhani kazi yao ni nyepesi. Kisha msichana mmoja wa upande wa utetezi akasimama na kitabu wazi. "Mwalimu, huyu Antonio alikuwa akimtemea mate. Akamwita mbwa. Tena anapokwenda kumkopa anasema yuko tayari kumtemea tena. Sasa wa kwanza kushtakiwa ni nani?" Mwingine akaongeza habari za Jessica, bintiye Shylock, aliyetoroka na mchumba pamoja na fedha na vito vya baba yake, na wahusika wema wa mchezo huo wakaona ni jambo la kufurahia. Darasa lilianza kuhama. Karibu na kengele, zaidi ya nusu walitaka Shylock ashinde kesi.

Mwalimu akawauliza swali moja: "Ashinde ni nini? Maana kisu kiko mkononi mwake, na Antonio amekwisha kufungua kifua." Wengi walinyamaza. Yule msichana hakunyamaza. Alisema anataka Shylock asikilizwe, alipwe, aombwe radhi, na arudi kwake na dini yake, kisu hakitaki. Mwandishi hajakutana tangu hapo na jibu bora kwa jambo hili, na ameyasoma ya watu wenye vyeo vikubwa.

Mchezo wenyewe haukumpa Shylock lolote kati ya hayo. Anapoteza kesi kwa hila ya maneno, anapoteza mali, na analazimishwa kubatizwa. Shakespeare aliuandika mwishoni mwa miaka ya 1590 kama mchezo wa kuchekesha, na kwa karne mbili waigizaji wengi walimfanya Shylock kichekesho au jinamizi. Mwaka 1814 Edmund Kean alipanda jukwaa la Drury Lane mjini London akamwigiza kama mtu aliyeumizwa, na hadhira ikaanza kuhama kama lile darasa la Tanga. Mshairi wa Kijerumani Heinrich Heine, aliyekuwa Myahudi kwa kuzaliwa, aliandika mwaka 1838 kwamba alimwona mwanamke wa Kiingereza katika ukumbi huo huo akilia na kusema yule mtu kaonewa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1943, Vienna ikiwa mikononi mwa Wanazi, mchezo huo huo uliwekwa jukwaani Shylock akiwa kiumbe cha kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji huo walikuwa wamefukuzwa au kupelekwa kuuawa. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kumwonea huruma adui wa kubuni kunaweza kuwa jambo zito. Hadhira iliyozoezwa kutouliza kwa nini mtu fulani amepewa nafasi ya adui inaweza kuzoezwa mengine.

James Baldwin alilisema hili mbele ya wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, mwezi Februari 1965, alipoeleza mshtuko wa mtoto mweusi wa Marekani aliyekuwa akimshangilia Gary Cooper akiwaua Wahindi Wekundu, hadi siku anapong'amua kuwa Wahindi hao ni yeye. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuhamia upande wa adui ni kurudi nyumbani.

Lakini si kila adui ni Shylock, na hapa ndipo mapenzi ya benchi la nyuma yalipogonga ukuta.

Darr ilitoka Desemba 1993 na kanda zake zikafika Tanga muda si mrefu. Sunny Deol ndiye steringi, komando wa jeshi la majini anayeitwa Sunil. Shah Rukh Khan ni Rahul, kijana anayemfuatafuata Kiran, mchumba wa Sunil: anampigia simu usiku na mchana, anaingia nyumbani kwake, anachanja jina la Kiran kifuani mwake kwa kisu. Yash Chopra, mwongozaji, alimpa Rahul kigugumizi, upweke na wimbo mzuri. Kumbi zikamshangilia Rahul. Sunny Deol alikasirika, akaeleza baadaye kwamba hakujua filamu ingemtukuza adui, na hakufanya tena kazi na Chopra. Shah Rukh Khan alitengeneza jina lake kwa watu wa aina hiyo. Kwa Anjaam ya mwaka 1994 alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora katika nafasi ya adui.

Nyumbani kwa mwandishi Darr ilitazamwa sebuleni, ukoo mzima ukiwa umekaa mkekani, na vijana walikuwa wakimshangilia Rahul kama kawaida yao. Shangazi, aliyekuwa akitazama huku akichambua mchele, alinyanyua kichwa. "Na huyo mtoto wa watu je? Nyie mnamtaka huyu amchukue. Yeye mmemuuliza?" Kisha akarudi kwenye ungo wake. Hakuwa amesema kwa ukali. Kuanzia dakika ile filamu ikabadilika: kigugumizi kile kile, wimbo ule ule, na katikati ya picha msichana ambaye hawezi tena kupokea simu bila kutetemeka. Alikuwapo tangu mwanzo. Juhi Chawla alimwigiza vizuri sana, woga wake uko wazi usoni, na bado sebule nzima ilikuwa imemtazama kama zawadi inayogombewa na wanaume wawili.

Kasoro hiyo haikwisha na kanda za video. Breaking Bad, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kati ya 2008 na 2013, inamfuata mwalimu wa kemia anayegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya na muuaji. Mamilioni walimtaka aponyoke. Agosti 2013 Anna Gunn, aliyeigiza kama mkewe, Skyler, aliandika katika New York Times jinsi chuki ya watazamaji dhidi ya mke huyo ilivyomwagikia yeye mwenyewe, hadi kutishiwa maisha. Kosa la Skyler lilikuwa kusimama kati ya adui na ushindi wake. Watu walioapa kwamba ni hadithi tu walikuwa wamekwisha kumtafuta mwanadamu wa kumchukia.

Waandishi wa Radio Tanzania walilijua tatizo hili mapema. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza kurushwa mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, ukiwa na lengo la wazi: uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mbinu yake ilitokana na kazi ya Miguel Sabido, mtunzi wa tamthilia wa Mexico, aliyepanga wahusika katika makundi ya wema, wabaya na wale wanaoyumba katikati. Mbaya wa Twende na Wakati alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njia nzima na mke, Tunu, nyumbani. Tunu anavumilia, kisha anamwacha na kuanza biashara yake. Mkwaju anaambukizwa, anaugua, anakufa.

Mtaani, vijana wa barazani walimsubiri Mkwaju kuliko mhusika mwingine yeyote. Alikuwa na maneno matamu, alikuwa na fedha mkononi, alikuwa na barabara. Waliiga sauti yake. Mtu angeweza kusema kwamba mpango umeharibika, na si bila sababu: mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walionyesha kwamba Archie Bunker, baba mbaguzi aliyeundwa kwa makusudi ya kuchekwa katika tamthilia ya Marekani ya All in the Family, alikuwa akipendwa na watazamaji wabaguzi kama msemaji wao. Mtunzi aliwapa kioo, wao wakaona picha ya shujaa.

Kwa Mkwaju mambo hayakwenda hivyo, na mwandishi ana maoni yake kuhusu sababu. Waandishi hawakumpunguzia utamu. Walimwacha avutie, wakampa muda mrefu, na pembeni yake wakampa Tunu maisha yake mwenyewe, yenye uamuzi na mafanikio ambayo msikilizaji aliyafuata kwa hamu ile ile. Wanawake wa mtaani waliosikiliza kipindi kile jioni walikuwa na wao wa kumtakia ushindi. Ugonjwa wa Mkwaju ulipokuja haukuwa radi ya The Bad Seed. Ulitoka ndani ya mambo aliyoyafanya, taratibu, na wale waliompenda ndio walioumia kumsikia akidhoofika. Watafiti, ambao waliutumia mkoa wa Dodoma kwa kulinganisha kwa sababu hadi mwaka 1995 kituo cha huko hakikurusha kipindi hicho, walikuta kuwa katika maeneo yaliyokisikia watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakaongezeka.

Utafiti wa karibuni zaidi unasaidia kueleza kwa nini mtu anajisogeza karibu na mbaya. Mwaka 2020 Rebecca Krause na Derek Rucker wa Chuo Kikuu cha Northwestern walichambua taarifa za watumiaji zaidi ya laki mbili wa tovuti inayolinganisha watu na wahusika wa hadithi. Walikuta kwamba watu huvutiwa na waovu wanaofanana nao kwa tabia, na kwamba hadithi huondoa aibu ambayo mfanano huo ungeleta kama mwovu angekuwa jirani wa kweli. Mtu mjanja humpenda adui mjanja. Mpweke humpenda adui mpweke. Hilo linapatana na yaliyoonekana kibandani. Wakali wa mpira walimpenda Bolo. Waliokuwa wakidhulumiwa nyumbani walimpenda yule ambaye mtafsiri alimpa kaka aliyenyimwa urithi.

Sasa mwandishi anasimamia kikundi cha vijana wanaoandika maigizo, na kwa kizazi hiki Bolo ni Killmonger. Black Panther ilipotoka Februari 2018, Kisumu iliandaa uzinduzi wake, maana Lupita Nyong'o, aliyeigiza kama Nakia, ana asili ya huko. Steringi ni Mfalme T'Challa wa ufalme wa kubuni wa Wakanda. Adui, Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan, ni binamu yake aliyekulia Oakland baada ya baba yake kuuawa na mfalme wa Wakanda, baba wa T'Challa. Anataka silaha za Wakanda ziwafikie weusi wa dunia nzima. Mwanzoni yumo ndani ya jumba la makumbusho Uingereza, akimuuliza mtaalamu wa vitu vya kale kama mababu wa huyo mama walivinunua kwa bei halali au walivichukua tu.

Mtanzania hawezi kuitazama sehemu hiyo kama mgeni. Mifupa ya dinosaria mkubwa kutoka Tendaguru, mkoani Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa hadi leo katika makumbusho ya Berlin. Fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu, ingawa Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeamuru lirudishwe. Ukoo wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, umekuwa ukilitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Adui aliyesimama mbele ya lile kabati la vioo alikuwa akiuliza swali la kweli, na karibu kikundi kizima kilikuwa upande wake. T'Challa mwenyewe, kufikia mwisho, anakuwa upande wa sehemu ya hoja hiyo: anaufungua ufalme wake na kuanza kazi Oakland.

Msichana mmoja katika kikundi hicho alikuwa ameshika orodha nyingine. Linda, mpenzi wa Killmonger, anapigwa risasi na Killmonger mwenyewe kwa sababu ametumika kama ngao. Mama mlinzi wa bustani ya mimea ya kifalme anakabwa koo kwa kuuliza tu kabla ya kutii amri ya kuichoma. "Anasema anawakomboa weusi," alisema. "Hawa wawili ni akina nani?" Vijana wa kiume walijaribu kumjibu kwa habari za mkakati na vita. Ubishi ulichukua muda wote uliokusudiwa kwa mazoezi, na mwandishi hakuukatiza. Hakuna aliyebadilisha mapenzi yake kwa Killmonger siku ile, ila walianza kumtaja Linda kwa jina.

Ryan Coogler, mwongozaji, hakumalizana na adui wake pia. Katika filamu ya pili, Wakanda Forever ya mwaka 2022, Shuri, dada wa T'Challa, anakunywa dawa ya mmea wa bustani ile ya kifalme akitarajia kukutana na mama yake katika ulimwengu wa mababu, na anayemsubiri kwenye kiti ni Killmonger. Killmonger anamuuliza kama atakuwa mwungwana kama kaka yake au atafanya kama yeye Killmonger. Filamu inabaki na swali hilo muda mrefu.

Yule msichana wa orodha amekwisha kuandika igizo lake. Adui ni mwenye nyumba ya Kiswahili, mcheshi, mwenye majibu kwa kila kitu, anayewapandishia wapangaji kodi kila baada ya miezi michache. Rasimu ya kwanza iliposomwa, kikundi kilicheka na kutaka mwenye nyumba ashinde, kwa kuwa maneno yote matamu yalikuwa yake na wapangaji walikuwa wakilia tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Baadhi walimshauri amfanye mwenye nyumba awe mbaya zaidi, ikiwezekana ampige mtu. Alikataa. Hakumpunguzia mwenye nyumba hata mstari mmoja. Alirudi kwenye daftari na kuwaandikia wapangaji maneno yao, akaanza na mama mjamzito wa chumba cha uani, ambaye katika rasimu ya kwanza hakuwa amepewa hata jina.